Ngoja Kwanza: Opereta wa Meza ya Nne na Safari Yake ya Mabasi

Dada yetu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 11 Machi 2023, alikuwa mwoga. Tunalisema hilo mwanzoni kabisa kwa sababu ni agizo lake. Mwezi wa Januari, akiwa bado anaweza kukaa kitandani kwa kuegemea mito, alimwita mdogo wake wa kike, ndiye anayesoma wasifu huu, akamwambia: "Utakaposimama pale mbele ya watu, usije ukaniita jasiri. Walioishi na mimi watacheka, na wewe utaona haya. Sema niliogopa. Halafu sema nilichofanya." Basi tutasema.

Alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Mei 1955, katika nyumba namba kumi na saba ya wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba alikuwa katika kikosi cha kukarabati njia ya treni. Mama alishona sare za shule kwa cherehani ya mkono. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa hatua arobaini tu kutoka relini, kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita vikombe viligongana kabatini. Wenzake walizoea. Yeye hakuzoea. Kila treni ilipopita alishika meza kwa mikono miwili mpaka behewa la mwisho lipite.

Hofu yake ilikuwa na tarehe. Tarehe 3 Oktoba 1962, saa saba mchana, mlango uligongwa mama akiwa jikoni anapakua chakula. Aliyekwenda kufungua ni yeye, mtoto wa miaka saba. Walisimama wanaume wawili wa reli, kofia mikononi, na wa tatu nyuma yao amebeba kiatu kimoja cha baba. Baba alikuwa amebanwa na behewa. Hakufa, aliishi miaka ishirini na tisa zaidi, kwa mguu mmoja, gongo na utani mwingi. Lakini kuanzia mchana ule, mlango ukigongwa popote, hata kwa jirani, dada yetu rangi ilimtoka kwanza ndipo akauliza ni nani. Na ndipo lilipoanza jina lake. Ukimwambia twende, alijibu, "Ngoja kwanza." Ukimwambia kula, "Ngoja kwanza," akanusa sahani. Mpaka baba mwenyewe akawa anamwita hivyo: "Ngoja Kwanza, niletee gongo langu, kama hakuna hatari."

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa reli kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha sekondari ya wasichana ya mjini kuanzia 1970 hadi 1973. Njia fupi ya kwenda shule ya msingi ilikuwa kwa daraja la miguu lililopita juu ya reli, lenye mbao zilizoachana ukaona chini. Wanafunzi wote walipita hapo wakirukaruka. Yeye alizunguka kwenye kivuko cha magari, dakika ishirini zaidi, kila siku, kwa miaka saba, mvua au jua, na hakuchelewa hata siku moja kwa sababu aliondoka nyumbani mapema kuliko mwalimu wa zamu. Alikuwa wa kawaida katika hesabu na hodari katika kusoma kwa sauti. Walimu walimwita asome mbele ya shule nzima, na aliposoma magoti yakigongana nyuma ya meza, sauti haikutikisika. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko yeye mwenyewe. Hilo ndilo lililompa kazi.

Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 3 Februari 1975, katika chumba cha simu za mbali, zile tulizoziita trunki. Vijana waliopo hapa hawakuwahi kukiona chumba kile. Kilikuwa ghorofa ya pili ya posta kuu, madirisha yamefungwa ili kelele za barabarani zisiingie, na wanawake tisa wamekaa kwenye viti virefu mbele ya mbao zenye matundu mengi, hedfoni kichwani. Taa ndogo ikiwaka, unachomeka waya, unauliza, "Trunki, nikusaidie?" Mtu akitaja mji, unachomeka waya wa pili upande mwingine, na watu wawili wasioonana wanaanza kuongea. Alipewa meza ya nne. Siku ya kwanza mikono ilimtetemeka hata akamuunganisha mkuu wa wilaya na duka la nyama, na mkuu wa wilaya akaulizwa anataka ya mguu au ya mbavu. Msimamizi alimtazama, akasema tu, "Kesho uje na mikono mingine." Alikuja na ile ile, ikatulia. Alikaa kwenye meza hiyo miaka ishirini na minne, mpaka mitambo mipya ilipokuja mwaka 1999 na waya zote zikang'olewa. Baada ya hapo alihamishiwa dawati la malalamiko ya wateja, akastaafu tarehe 30 Juni 2010.

Katika chumba kile alipata marafiki wa maisha. Wa kwanza alikuwa jirani yake wa meza ya tano, mwanamke mwenye sauti ambayo haikuhitaji waya, aliyeitwa Kipaza. Wa pili alikuwa fundi wa mitambo, mwanamke pekee katika karakana ya chini, aliyeitwa Fundi Waya. Wa tatu hakuwa chumbani. Alikuwa opereta wa nchi ya mbali, nchi mbili mbele yetu, aliyepokea laini zetu upande wa pili. Majina hayakuruhusiwa kazini, hivyo wao walimwita Dada wa Ng'ambo, na yeye alimwita dada yetu Meza ya Nne.

Siku moja ya Juni mwaka 1978 mwanamke mmoja alipiga akimtafuta mumewe aliyekuwa dereva wa lori, aliyepata ajali huko kwa Dada wa Ng'ambo. Laini ilikuwa mbovu. Maneno yalikuwa yanakatika, mke hasikii hospitali, hospitali haimsikii mke. Sheria ilisema katika hali hiyo simu ifutwe. Wale maopereta wawili hawakuifuta. Walirudia kila sentensi kwa sauti zao wenyewe, mmoja akimpa mwenzake. Ndivyo ilivyotokea kwamba daktari aliposema, Dada wa Ng'ambo akarudia, na dada yetu akawa ndiye mtu aliyemwambia yule mke, "Amefariki alfajiri." Alichomoa waya wa yule mke. Kwenye hedfoni ilibaki sauti moja: "Meza ya Nne, kunywa maji. Nipo. Sitakata mpaka uniambie nikate." Tangu hapo hawakuwa maopereta tu. Laini zilipokuwa hazina mteja waliongea habari za watoto, za mvua, za viatu vinavyobana. Miaka ishirini na moja wakijuana kwa sauti, bila picha hata moja.

Alifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1980 na msoma mita za maji. Mita ya nyumba namba kumi na saba ilipaswa kusomwa mara moja kwa mwezi. Ilipofika mara ya tatu katika wiki mbili, baba aliinuka kwa gongo lake, akauliza, "Kijana, sisi tunakunywa maji au tunafuga samaki?" Shemeji yetu alikuwa mtu mpole. Alijifunza kutogonga mlango. Alipiga mluzi kutoka barabarani ili mkewe ajue ni yeye. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mfamasia na mvulana ambaye ni mwalimu wa ufundi. Shemeji alifariki kwa kiharusi mwaka 2006. Baada ya hapo dada yetu aliweka komeo la pili mlangoni, kisha la tatu, na kwa miaka kadhaa safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda sokoni.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu wengi hapa wamelisikia nusunusu.

Katikati ya mwaka 2012 ilifika barua ya Dada wa Ng'ambo, ambaye walipeana anwani kabla waya hazijang'olewa. Alisema ametimiza miaka sitini na saba, anaanza kusahau majina, na angependa kuziona nyuso za watu wake kabla hajasahau na sauti. Kipaza aliisoma barua hiyo sebuleni kwa dada yetu, akaikunja, akasema, "Tunakwenda. Kwa basi. Begi moja la mgongoni kila mtu, kama wale vijana wa kizungu."

"Ngoja kwanza," dada yetu alisema. "Nchi mbili? Kwa basi? Tukifia njiani?"

"Tutakuwa tumefia njiani watatu. Si bora kuliko wewe kufia hapa na makomeo yako?"

Fundi Waya, ambaye hakuwa msemaji, alisema ana kisukari na sindano zake zinahitaji baridi, lakini ana chupa maalumu, atakwenda. Dada yetu alikaa wiki nzima akisema hapana. Binti yake anakumbuka kwamba siku ya kuondoka, Jumatatu tarehe 6 Agosti, mama yake alikuwa amevaa begi mgongoni tangu saa kumi na moja alfajiri, amekaa kwenye kiti, hatikisiki, jasho linamtoka, na alipoulizwa kama ameamua kwenda alijibu, "Sijaamua. Nimevaa tu."

Alikwenda. Alikaa kiti cha katikati, kwa hesabu zake kwamba basi likigonga mbele wanakufa wa mbele na likigongwa nyuma wanakufa wa nyuma. Mteremkoni alishika kiti cha mbele mpaka abiria aliyekuwa mbele akageuka kumuuliza kama wanajuana. Mpaka wa kwanza walivuka salama, wakalala kwenye nyumba ya wageni, yeye akiwa amesukuma kitanda nyuma ya mlango. Siku ya pili, kwenye basi la pili, Kipaza alinyamaza. Hilo ndilo lililomtisha dada yetu kuliko miteremko yote. Kipaza, ambaye angeweza kuhutubia basi zima, alikuwa ameegemea dirisha, anatetemeka chini ya kanga mbili katika jua kali. Jumatano asubuhi alipojifuta pua, leso ilitoka na damu.

Miezi ile redio za nchi zote zilikuwa zinatangaza homa ya kuvuja damu. Kila abiria alikuwa amesikia. Dada yetu aliichukua ile leso, akaikunja damu ikaingia ndani, akaiweka mfukoni mwake kabla mtu hajaiona. Alisema baadaye kwamba mfuko ule ulimuunguza njia nzima kama amebeba kaa la moto.

Walifika mpaka wa pili saa tano asubuhi. Abiria walipangwa mstari mmoja kuelekea dirisha la uhamiaji, na kabla ya dirisha alisimama afisa wa afya, amevaa barakoa, akiwapima joto mmoja mmoja. Alipomfikia Kipaza alitazama kipimo, akakifuta, akapima tena. "Thelathini na tisa na nusu," alisema. Mstari wote ulirudi nyuma. Dada yetu aliona miguu tu, alisema, maana macho yake yalikuwa chini. Viatu vya watu vikirudi nyuma kwa pamoja, na katikati vikabaki viatu vya Kipaza, vya Fundi Waya na vyake.

"Huyu anabaki," afisa alisema. "Tunachukua damu, inapelekwa maabara mji mkuu. Siku nne, labda tano. Nani yuko naye?"

"Sisi," alisema Fundi Waya.

"Mmoja tu. Muuguzi sina. Na anayeingia humo ndani hatoki mpaka majibu yaje. Mnanielewa? Hatoki."

Alikuwa anaonyesha jengo lililokuwa nyuma ya ofisi, la bati, lenye milango miwili na uzio wa waya. Dereva wa basi alikuwa ameshaanza kupiga honi. Fundi Waya aliinua begi lake ili aingie yeye. Sindano zake zilikuwa na baridi ya siku moja iliyobaki. Baada ya hapo, siku tano bila jokofu zingeweza kumuua yeye kwa uhakika zaidi kuliko homa ya mtu mwingine. Wote watatu walijua.

"Ngoja kwanza," dada yetu alisema.

Kipaza mwenyewe, akiwa ameshikilia ukuta, alimtazama akasema kwa sauti ndogo, "Wewe panda basi. Wewe utakufa kwa hofu kabla yangu."

Dada yetu alitaka kupanda basi. Tuliambiwa tulitamke hilo. Alilitazama, mlango wake ulikuwa wazi, kiti chake kilikuwa bado kina mtandio wake. Alimpa Fundi Waya ile bahasha yenye anwani ya Dada wa Ng'ambo, akamwambia, "Mtafute. Mwambie tumekwama." Kisha akatembea kuelekea jengo la bati. Alipofika kizingitini alitapika kwenye ndoo ya dawa, mbele ya mgonjwa, na mhudumu wa pale akauliza, "Kwani mgonjwa ni yupi?"

Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, dirisha moja la wavu, ndoo ya maji ya klorini, na jozi mbili za glovu alizoambiwa azifue na kuzianika. Ukuta uliowatenganisha na chumba cha pili ulikuwa wa mbao nyembamba. Nyuma ya ukuta huo alikuwapo mwanamume, dereva wa lori, aliyeingizwa siku moja kabla yao. Hawakumwona. Walimsikia akikohoa na kumwita mtu anayeitwa Mama Watoto. Mhudumu alileta dripu na vidonge, akamwelekeza dada yetu namna ya kubadilisha chupa, akarudi nyuma ya mlango, akafunga kwa nje. Kwa mwanamke aliyezoea kufunga mwenyewe, sauti ya komeo likifungwa upande wa pili ilikuwa kitu kipya. Alikaa sakafuni, akahesabu misumari ya bati.

Alhamisi Kipaza alianza kuweweseka. Alidhani yuko kazini. "Laini zote bize! Mteja yuko hewani!" Alitaka kushuka kitandani, dripu ikivutika. Dada yetu hakujua la kufanya, kwa hiyo alifanya alilolijua. Alisema, kwa ile sauti yake ya miaka ishirini na minne, "Meza ya tano, tulia. Nimekushikia laini." Kipaza akatulia. Baada ya dakika chache tena, na tena, mchana kutwa. Kila alipofuta damu ya pua aliifumba midomo yake na kubana pumzi, akihesabu vidole vyake vilivyokuwa ndani ya glovu kama vimetoboka.

Ijumaa asubuhi kikohozi cha chumba cha pili kilikatika. Mwanzoni alifurahi kwamba yule bwana amepata usingizi. Kisha wakaja watu wanne, wamevaa aproni za plastiki hadi kwenye viatu, hawaongei. Kupitia wavu aliwaona wakitoka na machela iliyofunikwa shuka jeupe, wakinyunyiza dawa kila walipokanyaga.

Hapo dada yetu alivunjika. Alikimbilia mlango, akaupiga kwa viganja vyote viwili. "Nifungulieni! Mimi siumwi! Nina watoto, nifungulieni!" Mhudumu alikuja, akasimama upande wa pili. Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake. "Mama, siwezi," alisema, na sauti yake pia ilikuwa ya kulia. "Mama yangu, nisamehe. Siwezi."

Nyuma yake, kitandani, Kipaza alifumbua macho. "Nani anapiga mlango?"

Dada yetu alijifuta uso kwa mkono wa blauzi. "Upepo," alisema. Akarudi, akabadilisha chupa ya dripu iliyokuwa imekaribia kwisha.

Mchana wa siku hiyo hiyo, alipokuwa amelala sakafuni kwa sababu hakuthubutu kulala karibu na ule ukuta wa mbao, alisikia mtu akiita kutoka kwenye uzio. "Meza ya Nne! Meza ya Nne, unanipata?" Alidhani na yeye homa imempanda. Alisogea dirishani. Nje ya waya alisimama mwanamke mnene mfupi, mwenye miwani mizito na koti la mvua, ameshikana mkono na Fundi Waya. Hakumjua uso. Sauti aliijua kama anavyoijua ya mama yake.

"Nakupata," alisema. "Vizuri kabisa."

"Kunywa maji, dada. Nipo. Sitakata."

Baada ya kuandika barua, Dada wa Ng'ambo alikuwa amehama mtaa ule wa kwenye bahasha, ndiyo maana Fundi Waya alihangaika siku nzima kumpata. Alipompata, hakumaliza kusikiliza, alichukua koti. Walinzi walimkataza kusogea zaidi ya hatua kumi, akaomba kiti, akakaa hapo hatua ya kumi na moja. Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili asubuhi, waliongea kupitia wavu habari za watoto, za mvua, za viatu vinavyobana. Dada yetu hakuacha kuogopa. Alituambia kwamba alikuwa akijibu habari za mvua huku akijikagua fizi kwa ulimi kuona kama zinatoa damu.

Majibu yalifika Jumapili tarehe 12 Agosti, saa tisa alasiri. Kipaza alikuwa na malaria kali, iliyopanda mpaka kichwani. Mhudumu alikuwa ameshamuanzishia dawa kwa kubahatisha, nayo ilimwokoa. Majibu ya yule dereva hawakuambiwa. Dada yetu hakuuliza, aliogopa kuuliza. Walipofika kwa Dada wa Ng'ambo, ambako walikaa majuma mawili katika chumba kimoja wakicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, alijipima joto kila asubuhi kwa siku ishirini na moja, akiandika kwenye daftari, nyingine akazimalizia nyumbani. Siku ya ishirini na mbili alilala mpaka saa sita mchana.

Mtu angedhani hiyo ndiyo ilikuwa safari ya mwisho. Julai mwaka uliofuata Kipaza alifika na tiketi. Dada yetu alisafiri kwa mabasi mara nne zaidi, na mara zote nne aliogopa vilevile. Hakupata dawa ya woga. Mjukuu wake mkubwa aliwahi kumuuliza kwa nini basi anakwenda. Alijibu, "Wakienda bila mimi nitaogopa zaidi, maana sitaona kinachowapata." Kipaza aliishi miaka saba baada ya jengo lile la bati, akatutangulia tarehe 2 Novemba 2019, na katika miaka hiyo saba hakukubali mtu amcheke Ngoja Kwanza mbele yake. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa.

Ugonjwa wa dada yetu ulianza mwaka 2021 kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi. Madaktari walisema moyo umepanuka. Alitunza dawa zake kwa saa na dakika. Tarehe 20 Februari mwaka huu alilazwa hospitali ya mkoa, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na akaomba kihamishwe kwa sababu dirisha halikufungika vizuri. Alimuuliza binti yake, "Itauma?" Binti, ambaye hajui kudanganya kwa sababu ya kazi yake, alijibu, "Sijui, mama. Dawa ya maumivu nimeiona kwenye faili, imeandikwa." Akasema, "Hapo umeongea." Wauguzi wa wodi ile, tunawashukuru kutoka moyoni. Walijifunza kumsemesha wakiwa bado mbali ili asishtuke.

Alhamisi, tarehe 9 Machi, asubuhi, mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni akikunja nguo. Dada yetu alikuwa amefumba macho. Alisema, "Naogopa."

Mdogo wake angeweza kusema mambo mengi. Alisema, "Hata mimi."

"Basi sogea."

Akaacha nguo, akapanda kitandani na viatu vyake, akalala ubavuni kwake kama walivyolala wakiwa wadogo katika nyumba ya reli. Pumzi zilienda hivyo, ndefu, kisha fupi. Saa tano kasoro dakika kumi zilikoma. Hatuwezi kuwaambia kwamba uso wake ulikuwa na tabasamu. Ulikuwa wa mtu anayesikiliza kwa makini. Mkono wake ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wa mdogo wake, na ilibidi muuguzi asaidie kuufungua, kidole kimoja kimoja.

Marehemu ameacha kaka mmoja, wadogo wawili, binti mmoja na mkwe, mwana mmoja na mkwe, wajukuu watano na kitukuu wa miezi mitatu. Ameacha rafiki yake Fundi Waya, aliyeketi hapa mbele, na Dada wa Ng'ambo, mwenye miaka sabini na minane, aliyeshuka kwenye basi jana jioni akiwa na binti yake na hajui majina yetu, lakini anajua amekuja kumzika nani.

Mwenyezi Mungu ampumzishe mahali pasipo kitisho, na atushike mkono sisi tuliobaki.